Pembe Mbili na Mkanda wa Mvua

1

Mama Naetwe alikuwa mchumba wa mtu kwa mwaka wa sita sasa, na kusubiri kulikuwa kumeanza kumharibia mapishi. Siku alizozungumza vizuri na mwenzake kwenye simu, makande yake yaliiva yakakolea. Siku mtandao ulipokatika katikati ya salamu, majirani wote wa Kirunga walijua, kwa sababu harufu ya maharage yaliyoungua haina adabu ya kubaki jikoni kwa mwenyewe.

Mchumba mwenyewe, Mzee Senkondo, hakuishi mbali. Alikuwa Mseko, kilima kinachotazamana na Kirunga, ng'ambo tu ya mto Songoa. Ukisimama kwenye matuta ya tangawizi ya Mama Naetwe unaliona bati la nyumba yake, na kofia yake nyekundu ya sufu ikipita kati ya migomba. Daraja lipo, tena zuri. Mtu akianza kulivuka huku anatafuna andazi, anafika ng'ambo andazi halijaisha. Lakini vilima hivyo viwili vina mila yao. Posa ikishapokelewa, mguu wa mchumba hauvuki mto mpaka mkanda wa mvua uonekane, na pembe ya Kirunga na pembe ya Mseko zilie pamoja kuutangaza. Mkanda wa mvua ndilo jina lao la upinde wa mvua. Kufunga ndoa ni kazi ya mbingu, wanasema. Kazi ya binadamu ni kula.

Shida ilikuwa mbingu zenyewe. Miaka mingi kabla ya posa ile, mvua ilikuwa imehamishiwa zamu ya usiku. Huko chini tambarare nchi yote ilikuwa imetandikwa vioo vya kuvuna jua, na wingu moja likijipitisha mchana, hospitali huku inayumba na kiwanda kule kinazimika. Basi Mamlaka ya Mvua ikajenga vituo milimani, ikajifunza kuyachunga mawingu kama mbuzi, na ikatoa ratiba: mvua inaingia kazini watu wakishalala, na jua likichomoza iwe imeshaondoka. Wakulima walifurahi. Wafua nguo walifurahi zaidi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza habari za upinde, ambao hauonekani mpaka jua na mvua viwe kazini kwa wakati mmoja.

Mtu atauliza, kama hali ilikuwa hivyo, hao wazee walichumbiana kwa matumaini gani? Anayeuliza hivyo hajawahi kupenda akiwa na miaka sitini na tatu.

Vijana wa vilima vile walishapata njia yao: walishuka mjini, wakaandikishwa, wakarudi na cheti. Mama Naetwe aliposhauriwa afanye hivyo alikataa katakata. "Cheti hakina hata rangi moja," alisema. "Marehemu mume wangu nilimpata kwa mkanda. Senkondo ana kosa gani mpaka nimchukue kwa karatasi?"

Na sasa ndipo tunapofika kwenye aibu yenyewe. Mtu aliyekuwa anaipeleka mvua usiku alikuwa Naetwe, binti yake wa kwanza, fundi mkuu wa kituo cha mvua kilicho juu kabisa ya Kirunga. Sokoni walimtania bila huruma. "Fundi, mama yako atazeekea posa!" "Fundi, bomba unalo wewe na kiu anayo mama!" Naetwe alicheka nao. Utani aliuweza. Asichokiweza ni kile kilichotokea msimu wa baridi.

Msimu huo Mzee Senkondo alishikwa na kichomi. Mama Naetwe alipika uji wa tangawizi, akaubeba kwenye chupa mpaka kichwani mwa daraja, akasimama hapo kama mtu aliyefika ukutani. Akangoja mpita njia, akampa chupa apeleke. Kisha akarudi kwenye matuta yake, akakaa kutwa nzima akiangalia moshi wa jiko la ng'ambo, ili ajue kama aliyemo ndani bado anapikiwa. Alifanya hivyo kila siku mpaka mzee alipoonekana tena na kofia yake. Naetwe aliyaona yote hayo kutoka dirisha la kituo, na moyo ulimuuma vibaya sana.

"Hapana," alisema peke yake. "Mkanda huu nitautengeneza mimi."

2

"Sababu ya kunyunyiza maji mchana?" Karani aliuliza.

Karani hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyotunza kituo, mwenye sauti ya bwana wa pwani aliyekwisha kula akashiba, na hakufungua hata bomba moja bila kuambiwa sababu.

"Majaribio," Naetwe alijibu.

"Ya nini, Fundi?"

"Ya midomo ya mbayuwayu."

Mbayuwayu walikuwa mashine ndogo za kuruka, za kunyunyizia miche kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Kila mmoja alikuwa na tangi tumboni na mdomo wa kutolea maji.

"Majaribio yamekubaliwa," Karani akasema kwa heshima zote, na Naetwe akajisikia kama mtoto anayelamba sukari mgeni yuko sebuleni.

Aliwarusha nyuma ya kituo, alasiri, mahali pasipo na njia. Akasimama jua likiwa kisogoni, akangoja. Maji yalitoka laini, yakatanda hewani, na upinde ukajitokeza kweli. Ila ulikuwa mweupe pee, kama sanda iliyoanikwa.

"Mbona hauna rangi?"

"Umepuliza ukungu, Fundi. Tone likiwa dogo kama vumbi, rangi zinalaliana zote, zinarudi kuwa nyeupe. Ongeza ukubwa. Tone lifike kichwa cha pini."

Naetwe akapanua midomo, akawarusha tena. Nyekundu ikaja ya kwanza, kisha zile nyingine zikafuata nyuma yake, na mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu akajikuta anapiga makofi peke yake mlimani. Mara ya mwisho kuona kitu kile alikuwa na meno ya utoto.

"Nieleze vizuri," alimwambia Karani. "Nisije nikaharibu siku yenyewe."

"Mwanga wa jua unaingia ndani ya tone, unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi ulikotoka. Kila rangi inapinda kwa kipimo chake, ndiyo maana zinaachana. Anayetaka kuziona sharti aligeuzie jua kisogo. Mkanda unazunguka kivuli cha kichwa chake, kwa nyuzi arobaini na mbili, wala hauongezi wala haupunguzi. Jua likiwa utosini, mkanda wote unazama ardhini. Hapo hata umwage bahari nzima hutaona kitu."

"Kwa hiyo alasiri, jua likishainama."

"Alasiri ni nzuri."

"Nikisimama uwanjani kwetu, juu ya matuta ya mama, nikatazama bondeni, nitauona?"

"Utauona vizuri sana, Fundi."

Naetwe hakuuliza zaidi. Aliyezaliwa Kirunga hana mazoea ya kuuliza mambo yanaonekanaje kutoka Mseko. Kichwani mwake mkanda ulikuwa kitu kinachosimama bondeni kama daraja, na daraja wanaliona wa huku na wa kule.

Kitu kimoja tu kilimkera. Pembe ya Kirunga hupulizwa na mtu wa damu ya bibi harusi, na aliyekwisha kuzaa hupuliziwa na mzaliwa wake wa kwanza, yaani yeye. Na kuipuliza ni kiapo: anayepuliza anawaambia watu wa vilima vyote viwili kwamba mkanda upo, na kwamba yeye hana anachoficha. Naetwe alikuwa na cha kuficha, tena chenye mabawa. Alijiambia mama akishavuka mto, nani atajali yale matone yalitoka wapi? Akajiambia hivyo mara kadhaa, jambo ambalo mtu mwenye uhakika halifanyi.

3

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uko nyumbani saa hizi? Wamekufukuza kazi?"

"Nimekuja kukusalimu tu."

Mama Naetwe alimwangalia mwanawe kwa jicho la pembeni, akaendelea kung'oa tangawizi. Jua lilikuwa limeinama nyuma ya nyumba, na watoto wa shule walikuwa wanapanda njia ya uwanjani wakigombania embe. Kutoka korongoni, ambako Naetwe alikuwa amewaficha mbayuwayu, ukaja mngurumo mdogo, kama wa nyuki wanaohama. Kisha tone la kwanza likapiga jani la mgomba.

Mvua, na jua linawaka!

"Simba anazaa!" mtoto mmoja alipiga kelele. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa bibi yake tu. Hakuwahi kupata mvua ya kuyasemea. Wenzake wakayadaka, na njia yote ikawa inaimba kwamba simba anazaa.

Mama Naetwe akainua kichwa. Tangawizi ikamtoka mkononi.

Mkanda ulikuwa umesimama juu ya bonde lote, mguu mmoja kwenye kahawa za Mseko na mguu mwingine kule mto unakopinda. Ulikuwa mnene, wenye rangi za kushiba, na juu yake ulikuwepo wa pili, hafifu, uliopanga rangi zake kinyume. Watu walitoka majumbani na vijiko mkononi. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuonyesha, na wazee watano wakamrukia kwa sauti moja: "Kidole! Usiuonyeshe kidole, kitapinda!" Watoto wote wakaficha mikono mifukoni kwa hofu.

Mama Naetwe alinyooka kwenye tuta. Alilia tu, na hakujifuta. Baadaye akaingia ndani, akatoka na pembe iliyofungwa kwenye kanga, ile pembe ndefu ya tandala ambayo vumbi lake lilikuwa na umri wa kuoa.

"Puliza, mwanangu," alisema.

Naetwe aliipokea. Akautazama uso wa mama yake, akaona ameng'aa kama msichana, na akapuliza.

Sauti ikavuka bonde, ikagonga Mseko, ikarudi. Watu wa Kirunga wakasubiri jibu. Jibu halikuja. Akapuliza tena. Kule ng'ambo walionekana watu wamejipanga kwenye mteremko, wamekinga macho kwa viganja. Kofia nyekundu ilikuwa mbele yao. Kando yake alisimama Bi Nakijwa, dada yake Mzee Senkondo na mshika pembe wa Mseko, mwanamke ambaye hata chumvi hasemi imekolea mpaka aonje mara mbili. Pembe yake alikuwa ameishusha ubavuni.

"Hawajibu," mtu mmoja alinong'ona.

"Wanatukataa! Mchana kweupe, mbele ya watoto!"

Simu ya Mama Naetwe ikalia. Kwa haraka akabonyeza vibaya, na sauti ya Mzee Senkondo ikasikika uwanja mzima.

"Mama Naetwe, mnapulizia nini huko?"

"Mkanda, Mzee! Uko juu ya kichwa chako hapo!"

"Juu ya kichwa changu sioni kitu. Mbele yangu kuna ukungu unang'aa, na jua linanichoma macho."

"Senkondo, kama umeghairi sema. Mimi ni mtu mzima, nitasikia."

"Nighairi nini, mama wee, miaka yote hii? Nakijwa anasema hapulizi asichokiona!"

Mama Naetwe alizima simu. Ule mng'ao wa usoni ulikuwa umeondoka, na kwa mara ya kwanza Naetwe alimwona mama yake amezeeka.

Akageukia ukuta, akamnong'oneza Karani kwenye kidude alichovaa sikioni. "Kwa nini hawauoni?"

"Jua liko mbele yao, Fundi. Mkanda ni wa aliyeligeuzia jua kisogo. Asubuhi ingekuwa zamu yao, na nyinyi msingeona."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza habari za Mseko. Ulisema ni majaribio ya midomo."

4

Uwanjani maneno yalikuwa yameshaanza kuota miiba. Mmoja alikumbusha kwamba watu wa Mseko walikuwa hivyo tangu zamani. Mwingine alishauri mahari irudishwe jioni hiyo hiyo. Naetwe angeweza kunyamaza. Aibu ingebaki ng'ambo, siri ingebaki kituoni, na kesho angebuni njia nyingine. Lakini mama yake alikuwa amekaa kwenye tuta, ameushika mche wa tangawizi kama mkono wa mgonjwa, akiamini kwamba ameachwa.

"Mama," Naetwe alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Si wao. Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza mbayuwayu, tangi na midomo; alieleza jua na kisogo.

"Ulitaka niolewe kwa uongo, Naetwe?" mama yake aliuliza.

"Nilitaka uolewe, mama."

"Na pembe ukapuliza."

"Nikapuliza."

Hapo ndipo Bi Nakijwa alipotokea, amelowa, anahema kama mvukuto. Yeye si mchumba wa mtu. Mto alikuwa na ruhusa ya kuuvuka, na alikuwa ameuvuka kwa hasira. Pembe ya Mseko ilining'inia begani. Lakini hasira si sababu ya kukosa adabu, kwa hiyo alianza na salamu. "Hamjambo wote. Wa kupewa shikamoo nawapa. Sasa, nani anasema Mseko tumeghairi? Na hicho mnachokipulizia kiko wapi?"

"Shangazi," Naetwe alimwambia, "geuka nyuma."

Bi Nakijwa akageuka. Mdomo ukafunguka. Kidole chake, bila kumwomba ruhusa, kikanyanyuka.

"Kidole!" uwanja mzima ulipiga kelele.

Akakirudisha haraka, akakibana kwapani, akauonyesha mkanda kwa kidevu. "Mungu wangu. Juu ya nyumba yetu kabisa!" Akasogea kushoto kuutazama vizuri, akasimama, akasogea kulia. "Mbona unanifuata?"

"Kila mtu ana wake, Shangazi. Tone linalokupa wewe nyekundu, mimi pengine linanipa kijani. Ukisogea, unapata matone mengine, na mkanda mwingine."

"Hata mtu na mumewe wakisimama pamoja?"

"Hata hao. Inafanana, lakini si mmoja."

"Hilo la mtu na mumewe nalijua bila mashine," Bi Nakijwa alisema, na kicheko cha kwanza kikapita uwanjani.

Walipomwambia kwamba mkanda umetengenezwa, hakutikisika. "Umetengenezwa? Makande nayo yanatengenezwa, na sijaona harusi iliyovunjika kwa ajili hiyo."

"Wifi," Mama Naetwe alisema polepole kutoka kwenye tuta lake, "makande sijawahi kupewa nikaambiwa yameshuka kutoka mbinguni."

Naetwe aliinamisha kichwa. Mama yake alisimama, akajikung'uta udongo, akasogea mpaka mbele yake.

"Mkanda sina ugomvi nao," alisema. "Ni mzuri. Ugomvi wangu ni kwamba ulinificha, ukanipa kilio cha furaha kisicho changu. Utautengeneza tena, na safari hii vilima vyote viwili vijue ni kazi ya mkono wako."

"Na uwe upande wetu," Bi Nakijwa aliongeza. "Na sisi tuna macho."

"Upande wenu ni asubuhi," Naetwe alisema. "Lakini asubuhi Kirunga hatutaona kitu. Na pembe zinatakiwa zilie pamoja." Akawatazama hao wanawake wawili. "Kwani zamani ilikuwaje? Jua halijabadilika. Hata zamani mkanda haukuweza kuonekana pande zote mbili kwa wakati mmoja."

Mama Naetwe alitazama ng'ambo. "Zamani tulipuliza, wakatujibu," alisema baadaye. "Sikumbuki kama kuna aliyewauliza wameona nini."

Bi Nakijwa alikuwa anaitazama pembe yake. "Marehemu baba," alisema, "akisikia yenu tu, anapuliza. Nilikuwa nimesimama naye, naangalia, sioni chochote. Nilidhani mzee ana macho makali." Akaipangusa pembe. "Kumbe alikuwa na masikio."

Akataka arudi Mseko mbio akapulize saa hiyo hiyo, lakini Mama Naetwe alimzuia. Pembe iliyolia leo ilikuwa na siri ndani yake, alisema, na siri haijibiwi. Kesho ingekuwa safi.

5

"Sababu ya kunyunyiza maji mchana?" Karani aliuliza, kama kawaida yake.

"Harusi," Naetwe alisema.

Karani alipekua orodha yake, kisha akaipekua tena. "Sababu hiyo haimo kwenye ratiba, Fundi."

"Iweke. Sema mama yangu anataka kuvuka mto. Uweke na jina langu, uwapelekee Mamlaka."

"Wanaweza kukuita wakuhoji."

"Wakiniita nitakwenda. Na ile ya jana, majaribio ya midomo, ilikuwa uongo. Nayo iandike harusi."

"Nashukuru," Karani alisema. "Nilikuwa nimekagua midomo yote, sikuona ubovu. Ilianza kunitia wasiwasi."

Jua lilipokwisha kupanda juu ya mgongo wa Mseko, mbayuwayu waliondoka kituoni mbele ya kila mtu, na watoto wakawapungia mikono. Watu wa Kirunga walijaa uwanjani. Mama Naetwe alikuwa amevaa gauni la bluu lililokaa sandukuni tangu posa, na viatu ambavyo vilimbana akakataa kukiri. Aliteremka mpaka kichwani mwa daraja, akasimama pale pale alipokuwa akisimama na chupa ya uji.

Maji yakatanda bondeni. Naetwe akakaza macho. Aliona jua linamwingia machoni, na ukungu mweupe unaong'aa kama bati jipya. Jirani mmoja akamuuliza taratibu: "Unaona kitu, Fundi?"

"Sioni."

Ng'ambo pembe ikalia. Ililia ndefu, ikapanda, ikavunjika katikati kwa sababu mpulizaji alikuwa anacheka au analia, kisha ikaanza upya. Mteremko wote wa Mseko ukalipuka kwa vigelegele. Naetwe alitazama tena kule kwenye ukungu. Hakukuwa na nyekundu, hakukuwa na kijani, hakukuwa na chochote. Alijua kwa hesabu kwamba mkanda upo, lakini hakuwa anafikiria hesabu. Alikuwa anamsikiliza Bi Nakijwa, mtu asiyepuliza asichokiona.

Akainua pembe, akapuliza kwa pumzi yake yote. Na hakuwa na anachoficha.

Mama yake akaweka mguu darajani.

Alitembea polepole kwa sababu ya viatu, halafu katikati akavivua, akavishika mkononi, akaenda haraka. Ukungu ukamficha. Upande wa pili kofia nyekundu ilikuwa imeteremka mpaka mwisho kabisa wa ardhi ya Mseko, haijavuka hata kidole kimoja. Kwa muda mrefu Naetwe hakuona mtu yeyote. Kisha simu yake ikalia.

"Nimefika," mama yake alisema, akihema. "Nimepigwa jua la macho njia nzima, sijaona hata rangi moja. Nilikuwa karibu nianze kugombana na mtu."

Nyuma yake sauti ya Mzee Senkondo ikasikika, karibu sana na simu, kwa kuwa sasa aliruhusiwa kuwa karibu. "Usinigombeze bado. Geuka kwanza."

Naetwe alisikia maji ya mto, na vigelegele vya mbali.

"Naetwe," mama yake alisema hatimaye. "Uko wapi?"

"Uwanjani, mama. Nilipokuwa."

"Umevaa sweta ya njano."

"Ndiyo."

"Mkanda umesimama juu yako. Umekuzunguka wewe, na nyumba, na tangawizi yangu yote. Kumbe miaka yote hiyo Senkondo alikuwa akiniangalia mahali pazuri hivi?"

"Mimi huku sioni kitu, mama. Naloa tu."

"Najua huoni. Mimi ndiye ninayekuona," Mama Naetwe alisema. "Usisogee."

Naetwe hakusogea. Alisimama pale na pembe mkononi, maji yakimtiririka shingoni, hajaona hata rangi moja, anacheka.